Mtambo wa Muziki Nyumbani: Nani Aufungue, na Aufungueje?

Hapa Mishomoroni, kama ilivyo katika mitaa mingi ya Kisauni, nyumba zisizokuwa na chombo cha muziki ni chache. Mwenye uwezo mdogo ana redio ya betri. Mwenye nafasi ana mtambo kamili, yaani amplifaya, spika mbili za pembeni, na ile spika kubwa ya sauti nzito ambayo vijana huiita wufa. Siku ya arusi au ya maulidi, na siku ya Jumapili kwa sisi tuendao kanisani, vyombo hivi hutolewa barazani, na mtaa mzima hushiriki upende usipende.

Lakini chombo kikiharibika, watu hugawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza huogopa hata kukifuta vumbi. Hukifunika kitambaa, kikakaa pembeni kama kaburi, hata siku moja kikauzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Kundi la pili ni la mashujaa. Hao huchukua kisu cha jikoni badala ya bisibisi, wakafungua kila kilicho na skrubu, na kutia kidole mahali wasipopajua. Mimi naona makundi yote mawili yamekosea, lakini kosa la kundi la pili lina msiba ndani yake.

Naandika haya kwa sababu ya jambo lililotokea mtaani kwetu. Kijana mmoja, mpangaji katika nyumba ya vyumba sita iliyo nyuma ya kwetu, alifungua wufa yake usiku ili atafute mngurumo uliokuwa ukimkera. Swichi ya mtambo aliizima, lakini plagi aliiacha ukutani. Alipopitisha bisibisi karibu na mahali waya wa stima unapoingia, alirushwa akaangukia kitanda, na kiganja chake kikaungua. Alipona, twamshukuru Mungu. Walakini nyumba ile ina mita moja tu ya stima kwa vyumba vyote sita, dari yake ni ya mbao kavu, na saa ile watoto wasiopungua kumi walikuwa wamelala. Kama si mkono wake ni waya uliogusa chuma na kushika moto, habari ningeyoiandika leo ni nyingine.

Wengi walistaajabu, wakauliza, "Mbona alikuwa ameizima?" Jibu ni rahisi. Swichi ya mtambo ni kama mlango wa ndani wa nyumba. Ukiufunga, mgeni amekwisha kuingia uani. Stima hupita katika plagi, ikapita katika waya, ikaingia ndani ya sanduku na kusimama kwenye swichi. Kutoka ukutani mpaka kwenye swichi hiyo kila kitu kina uhai. Tena mitambo mingi ya siku hizi haina swichi ya kweli. Ina kitufe cha kuulaza mtambo, na taa nyekundu ikiwaka maana yake ni kwamba sehemu ya ndani inakesha. Kuzima ni kung'oa plagi, hapana kuzima kwingine.

Stima ya Kenya hufika nyumbani kwa volti 240, nayo hugeuka mwendo mara 50 katika kila sekunde. Taa ya zamani ya wati 60 hutumia robo ya ampea tu. Sasa chukua sehemu moja ya kumi ya robo hiyo, uipitishe katika mwili wa mtu kutoka mkono mpaka mguu: yaweza kukaza misuli ya mkono hata mtu asiweze kuuachia waya alioushika, na ikizidi, moyo waweza kupoteza mapigo yake. Ndiyo maana kile kifaa cha kukata stima inapovuja, ambacho huwekwa katika sanduku la swichi za nyumba, huundwa kikate inapovuja ampea 0.03. Nyumba nyingi za kupangisha hazina kifaa hicho. Mwenye nyumba akiwa anapokea kodi ya vyumba sita, sioni kwa nini asikinunue.

Wala stima si mgeni katika Mombasa. Mwaka 1908 mfanyabiashara Harrali Esmailjee Jeevanjee aliipata ile mashine ya umeme iliyokuwa ya Sultani wa Unguja, ikaletwa hapa, na ndipo ilipoanzia kampuni ya umeme ya mji huu. Zaidi ya miaka mia moja imepita, na hata leo twaona watu wazima wakitumbukiza kalamu katika tundu la soketi.

Hiyo kalamu yafaa niieleze. Soketi zetu ni za matundu matatu, na mengi ya vyombo viletwavyo kutoka nchi za nje vina plagi ya miguu miwili. Tundu la juu ndilo lifungualo vile vifuniko vidogo vya matundu mawili ya chini; basi mtu hutia kalamu au kijiti juu, vifuniko vikafunguka, akaisukuma ile plagi ya miguu miwili. Hiyo plagi haishiki sawasawa. Hucheza, hutoa cheche, hupata joto, na plastiki hubadilika rangi kuwa kahawia. Ukiona rangi hiyo kwenye soketi yako, au ukisikia harufu kama ya samaki au ya mpira ulioungua, usitafute ubaya ndani ya mtambo kabla ya kuitazama soketi. Dawa yake ni kutia plagi ya miguu mitatu yenye fyuzi ndani yake, ambayo hata dukani Kongowea haikosekani.

Na fyuzi yenyewe ina hesabu. Plagi nyingi huuzwa zikiwa na fyuzi ya ampea 13, ambayo yafaa kwa pasi au birika la stima. Mtambo wa muziki wa wati 100 hautumii hata nusu ya ampea. Ukiuwekea fyuzi ya 13, ule waya wake mwembamba waweza kuyeyuka na kushika moto hali fyuzi ingali nzima. Chombo chochote kisichozidi wati 700 yafaa kiwekewe fyuzi ya ampea 3. Ama wale wanaofunga karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara juu ya fyuzi iliyokatika, hao sina neno la kuwaambia isipokuwa kwamba fyuzi haikatiki kwa ukorofi. Imekatika kwa sababu kuna jambo. Ndani ya mtambo pia mna fyuzi nyingine, na juu yake mmeandikwa herufi na tarakimu. T maana yake hukatika polepole, F hukatika upesi, na tarakimu ni ampea. Weka iliyo sawa na ile ya kwanza, herufi na tarakimu. Ikikatika mara ya pili, acha, mpelekee fundi.

Jambo moja zaidi la nje kabla hatujaingia ndani. Geuza mtambo wako utazame nyuma. Ukiona alama ya mraba mdogo ndani ya mraba mkubwa, chombo hicho kimefunikwa mara mbili kwa kinga, hakihitaji waya wa ardhi, na waya wake wa nyuzi mbili ni halali. Lakini ikiwa sanduku ni la chuma na waya una nyuzi tatu, ule uzi wa kijani na manjano usiukate hata siku moja. Wako wanaoukata ili kuondoa mngurumo katika spika, na kweli mara nyingine mngurumo huisha. Kilichobaki ni sanduku la chuma lingojalo siku waya utakapolegea ndani, ili limshike wa kwanza atakayeligusa.

Haya, sasa tufungue. Ng'oa plagi, na iweke juu ya meza mbele ya macho yako, usiiache chini karibu na soketi. Maana nyumbani hamkosi mtu mwema atakayeichomeka akidhani amekusaidia. Fanya kazi mchana, sakafu ikiwa kavu, na viatu mguuni. Pete na saa vua. Asikuachie mtu nyumba ukiwa peke yako. Tena usiwe na haraka, kwa sababu plagi kung'olewa si mwisho wa hatari.

Ndani ya mtambo mna vyombo vya mviringo vinavyofanana na makopo madogo, viitwavyo kapasita. Kazi yao ni kuhifadhi umeme, kama mtungi uhifadhivyo maji, ili mkondo utoke ukiwa mtulivu. Mfereji ukifungwa, maji hubaki katika mtungi. Vivyo hivyo kapasita hubaki na umeme baada ya plagi kung'olewa, mara nyingine dakika nyingi. Na hapa yatupasa kutofautisha mitambo miwili, nawe utaitambua kwa uzito wake. Mtambo mzito una transfoma kubwa ya chuma na shaba, ambayo huishusha stima kutoka volti 240 mpaka volti chache za makumi. Kapasita zake hazina volti nyingi, bali zina umeme mwingi; ukizigusisha kwa bisibisi hutoa cheche kubwa na kula ncha ya chuma. Mtambo mwepesi hauna transfoma hiyo. Huichukua stima ya ukutani ilivyo, ukaigeuza kuwa mkondo mnyoofu, na kapasita yake ya kwanza hukaa na volti zipatazo 340. Ndiyo, zaidi ya zile za ukutani, kwa kuwa hesabu ya volti 240 ni ya wastani wa aina yake, na kilele cha wimbi kiko juu zaidi. Huo mtambo mwepesi mimi humshauri kila asiye fundi asiuguse upande wa stima. Funga kifuniko, nenda kwa fundi. Hapo hapana aibu.

Kwa ule mzito, kapasita hupunguzwa kwa taratibu. Chukua resista ya omu 100 yenye nguvu ya wati 5, ishike kwa koleo zenye mpira, na uigusishe kwenye miguu miwili ya kapasita. Kapasita ya mikrofaradi 10,000 itapoteza karibu umeme wote kwa sekunde 5, nawe kwa usalama hesabu 10. Kisha pima kwa mita. Ikisoma chini ya volti moja, hapo ndipo mkono waweza kuingia. Asiyekuwa na mita asifungue. Mita ya kawaida bei yake haishindi bei ya kuku wawili, na hiyo ndiyo taa ya mtu aingiaye katika nyumba ya giza.

Sasa nifike mahali panaponipendeza kuliko pote, yaani namna ya kuutafuta ubovu. Mtambo wa stirio ni kama pacha. Alan Blumlein, mhandisi wa Kiingereza, aliandikisha wazo la sauti ya njia mbili mwaka 1931, na sahani za santuri za namna hiyo zilianza kuuzwa kwa wingi mwaka 1958. Alifikiria masikio ya msikilizaji, lakini bila kukusudia aliwapa mafundi wa dunia zawadi kubwa: ndani ya sanduku moja mna mitambo miwili iliyo sawa, mmoja wa kushoto na mmoja wa kulia. Mmoja ukiugua, mwingine uko hapo hapo kuwa shahidi.

Tuseme upande wa kushoto umenyamaza. Zima, ng'oa plagi, kisha hamisha waya za spika: ya kushoto itie kulia, ya kulia itie kushoto. Washa. Ikiwa spika ile ile ingali imenyamaza hata baada ya kuhamishwa, basi spika au waya wake ndio mgonjwa. Ikiwa sasa imeimba, na ile nzima ndiyo iliyonyamaza, basi spika haina kosa, na ubovu uko ndani ya amplifaya au kabla yake. Rudisha waya za spika. Sasa hamisha waya zinazoleta sauti kutoka kwenye kaseti au sidii au simu. Ukimya ukihamia upande wa pili, ubovu uko huko sauti inakotoka; usipohama, uko katika amplifaya yenyewe. Kwa hatua mbili, pasipo kufungua skrubu hata moja, umejua ni chombo gani cha kupeleka kwa fundi, naye hatakudai fedha ya kutengeneza vyote vitatu. Nimeona watu wamelipia spika mpya hali ugonjwa ulikuwa katika kiwaya kilicholiwa na panya.

Spika nayo hupimwa kwa mita. Ile iliyoandikwa omu 8 kwa kawaida husoma 6 au karibu yake. Isiposoma kitu, waya wake wa ndani umekatika. Asiye na mita aweza kugusisha betri ndogo ya volti 1.5 kwa nukta moja, na spika nzima itatoa mlio mfupi wa "tup". Usiiache betri ikae hapo. Na amplifaya iliyotoka kutengenezwa usiiunganishe na spika papo hapo. Weka mita katika matundu ya spika kwa kipimo cha mkondo mnyoofu, hali hapana muziki. Ikisoma chini ya sehemu moja ya kumi ya volti, salama. Ikisoma volti nyingi, transista za mwisho zimeungana, na spika utakayoiunganisha itaungua mbele yako, na moshi utauona.

Ama kuongeza sauti mpaka mwisho, hilo laua spika kwa njia nyingine. Amplifaya ikizidiwa, sauti hupasuka, na huo mpasuko ndio uchomao zile spika ndogo za sauti nyembamba. Watu hudhani spika ndogo imekufa kwa sababu amplifaya ina nguvu mno. Mara nyingi ni kwa sababu nguvu zake ni chache na inalazimishwa kupiga kelele. Majirani nao wangeshukuru, ingawa hilo si la ufundi.

Pwani yetu ina maradhi yake ambayo vitabu vya kiwandani havikuyafikiria. Upepo wa kusi huleta hewa yenye unyevu na chumvi, na chumvi hula kila kiungo cha shaba. Ndiyo asili ya ile mikwaruzo usikiayo unapozungusha kidude cha sauti. Aghalabu hapana kilichovunjika. Ni uchafu na kutu nyembamba, na kidude kikinyunyiziwa dawa ya kusafishia viungo vya umeme, kisha kikazungushwa kwenda na kurudi mara ishirini, mikwaruzo huondoka. Yafanywe hayo plagi ikiwa juu ya meza, na mtambo uachwe wazi saa nzima ukauke kabla ya kuwashwa, maana dawa nyingi za namna hiyo hushika moto. Mafuta ya kupikia au ya cherehani usitie. Hukusanya vumbi yakawa gundi.

Halafu kuna wakaaji. Mjusi wa nyumbani hupenda joto la transfoma, huingia kwa tundu za nyuma, na akigusa miguu miwili ya umeme hufa hapo hapo, na maiti yake huunganisha kisichopaswa kuunganishwa. Mende na sisimizi nao vivyo hivyo. Brashi kavu ya kupakia rangi, ile laini, hutoa uchafu wote huu katika robo saa, nami hufanya hivyo mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika ya mwezi wa Machi na baada yake. Tundu za hewa zisizibwe kwa kitambaa cha kutarizi, hata kiwe kizuri namna gani, kwa kuwa transista hupumua kwa tundu hizo. Mvua ya radi ikija, plagi na waya wa erio ving'olewe. Na stima ikikatika, ng'oa plagi na ungoje dakika kadha baada ya kurudi, kwa sababu aghalabu hurudi kwa kishindo.

Nije kwa kaseti, ambazo vijana huzicheka. Kampuni ya Philips ilizitoa mwaka 1963, na kwa miaka mingi ndizo zilizobeba sauti ya pwani hii. Taarabu za Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, ziliuzwa katika kaseti za Mbwana Radio Service ya Mombasa, na tazama jina hilo: ni jina la duka la kutengeneza redio. Lakini si nyimbo tu. Katika miaka ya 1970 na 1980 watu wetu waliokwenda kufanya kazi Uarabuni walikuwa wakituma barua za sauti. Mtu huketi na redio yake ya kaseti, akasema salamu zote, akamtaja kila mtoto kwa jina, kisha akampa msafiri aileta kaseti nyumbani.

Jirani yangu mmoja, bibi mzee, anazo kaseti saba za namna hiyo za marehemu mumewe. Redio kaseti yake ilikuwa ikimeza kanda, na fundi mmoja alikwisha kumwambia aitupe. Nikaomba niitazame. Nilipokwisha kuifungua na kuisafisha, nikanyosha mkono kuchukua kaseti moja ili niijaribu, naye akaniwekea mkono juu yake, akasema, "La, mwanangu. Tia kwanza ile ya mahubiri yako. Ikiliwa, Mungu atakuwa na nyingine." Nilicheka, lakini maneno yake ni kanuni ya ufundi: usijaribu mtambo kwa kitu kisicho na nakala. Sisi tufanyao kazi katika ofisi zenye majalada twalijua jambo hilo, ila tulikuwa hatujalifikiria kwa kaseti.

Kumeza kanda mara nyingi huwa na sababu mbili. Ya kwanza ni lile gurudumu dogo la mpira linaloibana kanda juu ya mti wa chuma. Likiwa na uchafu wa kahawia au limekuwa gumu kama jiwe, huivuta kanda upande. Lisafishe kwa kijiti cha pamba na spiriti ya isopropili mpaka pamba itoke nyeupe, na kichwa kinachosoma kanda pia. Ya pili ni mikanda ya mpira inayozungusha magurudumu. Kwa joto letu la pwani mpira huo hulegea, na mara nyingine huyeyuka ukawa lami nyeusi inayoshika vidole kwa siku mbili. Mkanda ukilegea, gurudumu la kukusanya halizunguki, na kanda isiyokusanywa hujazana ndani. Mkanda mpya ni wa bei ndogo, lakini uwe wa kipimo kile kile, kwa sababu kanda hupita sentimita 4.76 katika kila sekunde, na mkanda usiofaa hulibadilisha hilo. Sauti ya mume huwa ya mtoto au ya jitu.

Kaseti ya mahubiri ilicheza pande zote mbili, ndipo bibi akakubali. Sikukaa kusikiliza, maana barua ni ya mwenyewe. Nilimwonyesha mjukuu wake namna ya kuunganisha tundu la vipokea sauti vya masikioni na kinasa sauti cha kompyuta kwa waya mdogo, sauti ya redio ikiwa chini ili isipasuke, naye akazinakili zote saba kwa muda wa majuma mawili. Nakala moja iko Mishomoroni, nyingine iko kwa mwanawe Malindi.

Kulehemu sitakueleza kwa kirefu, kwani hakufundishwi kwa maandishi. Mtafute fundi, ukae naye alasiri mbili. Ujue tu kwamba kiungo kizuri hung'aa, kibovu huwa na rangi ya majivu au ufa mwembamba kuzunguka mguu. Lehemu nyingi zina risasi ndani yake, basi fungua dirisha, na unawe mikono kabla ya kula.

Na kwa fundi utakwenda, hapana shaka: kwa mambo yote ya upande wa stima, kwa ule mtambo mwepesi niliousema, na kwa transista za nguvu, ambazo hukaa juu ya bamba la chuma zikitengwa nalo kwa kipande chembamba cha mika na mafuta meupe ya kupitisha joto. Fundi akikurudishia kazi pasipo kipande hicho, hutakaa mwezi. Mchague kwa meza yake. Fundi mwema ana taa ya mfululizo, yaani taa ya zamani ya uzi wa ndani, ya wati 60 au 100, iliyowekwa katika njia ya stima kabla ya mtambo. Mtambo ukiwa mzima, taa hung'aa kidogo kisha hufifia. Ukiwa una waya zilizoungana, taa huwaka kwa nguvu zote na hapana kinacholipuka. Taa za kisasa za LED hazifai kwa kazi hiyo, ndiyo maana utamwona ameihifadhi ile ya zamani kama yai.

Patana naye bei ya kutazama mbali na bei ya kutengeneza. Mwambie ulichokwisha kukigundua kwa kuhamisha waya, pasipo kujifanya bingwa. Tena mwombe akurudishie kila kipande alichokitoa. Yule ninayekwenda kwake mimi Kongowea hanisubiri nimwombe. Huvitia vyote katika bahasha ya kahawia, akaandika juu yake tarehe na jina la mtambo, na akavifunga pamoja na fyuzi moja ya akiba.